Namna ya kumhoji mzee aliyewekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari nchini Kenya (1952–1960), Waingereza walipopambana na Mau Mau

Mimi nilikosea swali la kwanza kabisa. Nilimuuliza guka, yaani babu yangu, "Ulifanya kosa gani hata wakakupeleka Manyani?" Akaweka kikombe chini, akaenda kulala saa moja jioni. Manyani ilikuwa kambi ya kizuizi: hakusomewa mashtaka wala hakuonwa na hakimu, kisha mjukuu wake anakuja kumtafutia kosa! Neno hilo liache kabisa.

Anza na safari: alikamatiwa wapi, akashushwa wapi. Wengi waliozolewa Nairobi katika Operesheni Anvil, msako mkubwa wa Waingereza ulioanza 24 Aprili 1954, walipitia Lang'ata, wakapelekwa Manyani au Mackinnon Road. Waliokiri kula kiapo cha Mau Mau walisogezwa kidogo kidogo kuelekea nyumbani kupitia kambi za kazi. Walioshikilia msimamo wakatupwa mbali, kama Hola. Andika kila kambi kwa mfuatano. Mwaka akiusahau, muulize ni mtoto yupi alikuwa amezaliwa. Guka alikumbuka kwamba alimwacha shangazi bado anatambaa.

Mhoji mkiwa wawili tu. Kijiji kimoja kina watoto wa waliozuiliwa na watoto wa homgadi, wale walinzi wa upande wa Waingereza, na wameshaoana.

Akitaka kuonyesha kwa mwili, usimkatize. Nilipomuuliza kuhusu gakũnia, yule msaliti aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho, guka alitupanga mstari mimi na ndugu zangu. Akapita mbele yetu kimya, polepole, akafika kwa kitinda mimba, akatikisa kichwa mara moja. "Basi," akasema. "Huyu ameshakwenda."

Na nyanya naye muulize. Wako wanawake waliozuiliwa Kamiti, na waliobaki walihamishiwa vijiji vya lazima, wakachimbishwa mahandaki ya kuvizunguka.

Kwenye Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, usipoteze siku ukitafuta faili ya kesi, kesi haikuwapo. Uliza amri za kizuizi na faili za wilaya yake, na ujaribu jina lake kwa tahajia zote, pamoja na jina la baba yake. Waingereza walichoma karatasi nyingi kabla ya kuondoka, nyingine wakazificha Hanslope Park, huko Uingereza, hadi zilipofichuka mwaka 2011. Hizo sasa ziko kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, chini ya alama FCO 141.

Mwisho, msomee ulichoandika. Guka alinisimamisha mahali pamoja tu, nilipoandika "alifungwa."

"Mfungwa anajua siku yake ya kutoka," alisema.

Nikafuta, nikaandika "alizuiliwa."