Namna ya kufuatilia tiba ya kinga ya saratani kwa picha za skaneri

Mgonjwa wa Lubumbashi anayetibiwa kwa dawa za kuamsha kinga ya mwili, kama nivolumabu au pembrolizumabu, huenda akachomwa dawa ng'ambo ya mpaka na kupigwa picha hapa nyumbani, hivi kwamba picha zake hutoka kwenye mashine mbalimbali na kusomwa na watu wasiojuana. Kwa sababu hiyo, kila kitu hutegemea picha ya msingi, yaani ile inayopigwa kabla ya dawa ya kwanza, ikiwezekana katika wiki 4 zinazoitangulia. Ipigwe kifua na tumbo, kwa vipande visivyozidi unene wa milimita 5, na kwa dawa ya kontrasti, inayofanya viungo vionekane wazi, ikiwa kipimo cha kreatinini kinaonyesha kuwa figo zinaihimili. Omba CD yenye picha zenyewe na uitunze, kwani karatasi ya majibu haiwezi kupimwa upya. Aliyewahi kufanya kazi mgodini au kuugua kifua kikuu aseme mapema, maana tezi za limfu za kifuani mwake huenda zilivimba miaka mingi kabla ya saratani.

Katika kupima, mtaalamu huchagua vimbe zisizozidi 5, na zisizozidi 2 katika kiungo kimoja, kisha hujumlisha vipenyo vyake. Uvimbe hupimwa upande wake mrefu, lakini tezi hupimwa upande wake mfupi. Tuseme vimbe 3 zina milimita 30, 22 na 18, jumla 70. Picha ya kwanza ya ufuatiliaji, ambayo kwa kawaida hupigwa kati ya wiki ya 6 na ya 12, inaonyesha jumla ya 87. Kwa kanuni za kemotherapi, ongezeko la asilimia 20 juu ya jumla ndogo kuliko zote zilizowahi kupimwa, hapa 70, lingetosha kusema kwamba dawa imeshindwa.

Hapa ndipo ninapowasihi wenzangu wasiharakishe kalamu. Chembe T, yaani chembe za kinga, zilizoamshwa huingia ndani ya uvimbe kwa wingi, na uvimbe unaoshambuliwa unaweza kutuna kabla haujanywea. Kanuni za iRECIST, za kupima majibu ya tiba ya kinga, zilizotolewa mwaka 2017, zinauita ukuaji huo “ukuaji ambao haujathibitishwa”, na zinataka picha nyingine baada ya wiki 4 hadi 8. Jumla ikishuka hadi 48, mgonjwa yuleyule amepata nafuu ya zaidi ya asilimia 30 kulingana na picha ya msingi. Hata hivyo, subira hii ni ya mgonjwa ambaye hali yake ni nzuri. Anayekonda, anayezidiwa na maumivu, au ambaye uvimbe wake unakaribia kubana uti wa mgongo au njia ya hewa, asingojeshwe, kwa kuwa ukuaji wa kweli hutokea mara nyingi zaidi kuliko ule wa muda.

Picha hiyohiyo itazamwe pia nje ya saratani. Kinga iliyofunguliwa hatamu yaweza kushambulia mapafu, na kwenye skaneri huonekana kivuli chepesi kama ukungu, au ikashambulia utumbo, ukuta wake ukawa mnene. Kikohozi kipya, kuishiwa pumzi au kuhara kwingi havingoji tarehe ya picha ijayo. Daktari aambiwe siku hiyohiyo.

Wachache watakaopelekwa nje kwa kipimo cha PET, picha inayoonyesha mahali sukari yenye mnururisho inapokusanyika, wajue kwamba sukari hiyo yenye florini-18 huliwa na saratani, na huliwa pia na chembe za kinga na mahali penye kifua kikuu, kwa hiyo mng'ao peke yake hauthibitishi kitu. Vialama, yaani dawa za kuchomwa zinazozifanya chembe T zenyewe zionekane kwenye picha, bado vimo katika utafiti.

Kila mara unapoomba picha mpya, iombe kwenye mashine ileile na kwa utaratibu uleule, nawe uandike kwenye karatasi ya maombi jina la dawa, tarehe ya dozi ya kwanza, idadi ya dozi zilizokwisha kutolewa, na kama mgonjwa anatumia vidonge vya prednisoloni, dawa inayotuliza kinga.