Kisu cha kuchunia kutoka springi ya lori

Niko Bombo, Uganda, na kazi yangu ni uhunzi. Wengi wanaofika kwenye tanuri langu huomba "kisu cha kuwinda". Huwaambia mapema kwamba Sheria ya Wanyamapori ya 2019 hairuhusu kuwinda bila kibali. Kisu chenyewe ni cha mwindaji kwa umbo, lakini kwetu kinachuna mbuzi wa Idi na ng'ombe wa arusi, na hapo ndipo kinapojulikana kama kimefuliwa na mtu anayejua.

Tafuta springi ya lori kwa wauza vyuma chakavu wa Katwe, Kampala. Nondo za ujenzi ziache, hazina kaboni ya kutosha kushika makali. Mjomba aliyenifundisha alikuwa akiitundika springi kwa kamba na kuigonga kwa nyundo: ikilia kama kengele, anailipia, ikitoa mlio mfu, ina ufa ndani. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua kipande bila kukigonga. Nilikifua kutwa nzima, na ufa ukajitokeza jioni, nikiwa nimeshika msasa.

Pasha springi hadi iwe nyekundu, ifukie kwenye jivu hadi asubuhi. Itakuwa laini, utaweza kuikata na kuitoboa. Kisha fua bapa la urefu wa sentimita 10, upana wa 3, unene wa milimita 4 mgongoni. Makali yapinde kuelekea ncha kama tumbo la mtumbwi, maana ncha iliyochongoka sana hutoboa ngozi, na ikitoboa utumbo nyama imeharibika. Acha mkia mrefu wa kutosha kuenea mpini wote. Toboa matundu ya mpini sasa, kwa sababu chuma kikishakazwa drili haitakiingia. Piga tupa, lakini ukingo wa makali uache na unene wa milimita 1. Ukiwa mwembamba kuliko hapo, utapinda au kupasuka kwenye moto.

Sasa tunafika pale ambapo visu vingi vinaharibikia. Pasha bapa mara tatu hadi wekundu na uliache lipoe lenyewe hewani kila mara, ili chembe za chuma zitulie baada ya kufuliwa. Mara ya nne, fanya kazi kivulini. Kwenye jua hutaona rangi ya chuma, utadhani bado baridi kumbe kinaungua. Weka sumaku karibu. Chuma huacha kushika sumaku kwenye nyuzi 770 za Selsiasi hivi; ikishakataa, ongeza moto kidogo tu, kisha ukichovye kwenye mafuta, ncha ikitangulia wima, bila kukiyumbisha kando. Mimi natumia mafuta ya kupikia yaliyotumika, niliyopewa na muuza chipsi, na kwanza nayapasha hadi nyuzi 50 au 60. Maji baridi kwa springi ni hatari: kisu changu cha kwanza kilitoa mlio mdogo, "tik", na nilipokitoa ulikuwepo mstari mweusi kuvuka makali. Mafuta machafu ya injini siyataki pia, moshi wake unadhuru.

Baada ya kuchovya, pitisha tupa kwenye makali. Ikiteleza kama kwenye kioo, chuma kimekaza. Ikiuma, rudia. Lakini usikitumie hivyo, kwani kikianguka kwenye saruji kinakatika kama kigae. Kisugue hadi king'ae, kisha kiweke kwenye joko la mikate lenye nyuzi 200 kwa saa mbili, kipoe, urudie. Kikitoka na rangi ya majani makavu, ndivyo kinavyotakiwa.

Mpini wangu ni wa mvule uliokaa chini ya paa angalau mwaka mmoja. Mbichi utasinyaa na kuachana na chuma. Funika pua unapokata, vumbi la mvule linachoma koo. Naushikisha kwenye mkia kwa gundi ya epoksi, na kwa ribiti, yaani pini za kupita kwenye matundu, zilizokatwa kutoka vijiti vya shaba vya kuchomelea.

Noa kwa pembe ya nyuzi 20 kila upande. Baada ya kuchuna, osha, kausha, paka mafuta. Ala ni ya kubebea tu: ngozi hunyonya unyevu, na kisu nilichokiacha ndani ya ala wakati wa masika kilitoka na madoa ya kutu ambayo hadi leo hayajafutika.