Mtoto uliyemuasili aambiwe mapema, tena aambiwe na wewe

Wiki anayoingia nyumbani, anza kumwambia kwamba alizaliwa na mama mwingine, hata kama ni mchanga asiyejua neno. Sheria ya Kenya inataka mtoto akae nawe angalau miezi 3 mfululizo kabla ya ombi la kumuasili kufika mahakamani. Itumie miezi hiyo kuuzoeza ulimi wako. Na ukiwa umeajiriwa, una haki ya likizo ya mwezi mmoja kwa mshahara kamili tangu siku unapokabidhiwa mtoto. Mwarifu mwajiri kwa maandishi siku 14 kabla.

Mimi nilikuwa nikimwogesha binti yangu kwenye beseni, hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, huku nikimwambia, "Mama mwingine alikuzaa, mimi nikaja kukuchukua, nikafurahi sana." Yeye alikuwa anapigapiga maji tu. Lakini alipofika umri wa kuuliza, maneno yalikuwa tayari kinywani mwangu, na hakuona hofu usoni pangu. Watoto husoma uso kabla ya kusikia jibu.

Usidhani utaficha. Majirani wa ploti walikuona bila mimba, kisha wakakuona na mtoto. Siku moja watoto wenzake watamwambia kwenye ngazi, wakigombania mpira. Akishajua kwako, hayo hayatamwangusha.

Akiuliza, "Nilitoka tumboni mwako?" mjibu, "La, ulitoka tumboni mwa mama mwingine." Kisha nyamaza. Mara nyingi hilo linamtosha, anarudi kuchezea vifuniko vya soda. Akiuliza kwa nini huyo mama hakumlea, na wewe hujui, mwambie hujui. Usimtungie hadithi tamu, wala usimseme vibaya aliyemzaa. Neno "kuokotwa" lisisikike nyumbani kwako, na dada wa kazi mweleze hivyo siku ya kwanza.

Kabla hujaondoka makao ya watoto, muulize mlezi aliyekuwa akimlisha: alikuwa akilala vipi, akiimbiwa nini, jina lile alipewa na nani. Omba picha na nguo aliyokuja nayo. Viweke kwenye bahasha au kisanduku anachoweza kukifungua mwenyewe. Binti yangu ana soksi moja ya manjano, nyuzi zimelegea kisiginoni, na akiivaa kidoleni huniagiza nimsimulie tena.

Mambo mazito, kama mahali alipopatikana na hali aliyokuwa nayo, hayo ni mali yake. Shangazi hayahitaji, wala kikundi cha kanisa. Ukiyamwaga leo, kesho atayasikia kwa mtu mwingine kabla hujamwambia wewe. Mpe kidogo kidogo kadiri anavyokua, na aamue mwenyewe ni nani wa kuambiwa.

Jamaa watakwambia mbele yake, "Ana bahati kukupata." Jibu hapo hapo, kwa upole: "Bahati ni yetu sote, shosho." Ukinyamaza, mtoto anaanza kujiona ana deni la kulipa. Na wakianza kunong'onezana kuhusu shamba, waeleze kwamba amri ya mahakama ikishatolewa, sheria inamhesabu kama uliyemzaa ndani ya ndoa, urithi ukiwamo.

Shuleni, zungumza na mwalimu mwanzoni mwa muhula. Ipo ile kazi ya kuchora familia, au kuleta picha ya utotoni. Mwombe amruhusu kuchora mama wawili akitaka, na asimlazimishe kueleza darasani.

Maswali makubwa hayachagui mahali. Binti yangu aliwahi kuniuliza kama mama yule yuko hai, tukiwa tumebanana kwenye matatu Jogoo Road. Pakiwa hivyo, mwinamie sikioni: "Nimesikia swali lako, tutaliongea jioni." Jioni ikifika, anza wewe. Mwite jikoni, mpe unga akande, na umjibu huku mkisukuma chapati. Mikono ikiwa na kazi, mtoto huuliza hata lile alilokuwa akiliogopa.