Digrii ya masomo ya miji Marekani: soma ile namba kwa I-20 kabla ulipe karo

Nianze na ile kitu iliniuma. Kwa I-20 yako (ile fomu shule ya Marekani inakupa uombee viza ya mwanafunzi), ukurasa wa kwanza, kando ya jina la kozi kuna namba ya tarakimu sita. Mimi nilikaa na hiyo karatasi karibu miaka minne, nimeikunja, nimeionyesha uwanja wa ndege, nimeipiga kopi sijui mara ngapi, na hiyo namba sikuwahi kuisoma hata siku moja. Yangu ilikuwa 45.1201. Ndiyo namba ya masomo ya miji, na haiko kwa orodha ya serikali yao ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu). Maana yake ukimaliza digrii unapewa OPT, ile ruhusa ya kufanya kazi baada ya shule, ya miezi 12, basi, wakati wenye namba za STEM wanaweza kuomba waongezewe miezi 24 juu yake.

Kaka yangu ni mwalimu Kisumu. Alichukua loni ya sacco anilipie mwaka wa kwanza kwa sababu ajenti mmoja pale mjini alituambia kwa mdomo wake ati wanafunzi wote wanaoenda huko wanafanya kazi miaka mitatu baada ya shule. Wote. Hakuna aliyemuuliza hao wote ni akina nani. Tukafanya harambee Nyalenda, wazee wakatoa, mama zangu wa chama wakatoa, na hesabu yote ya kurudisha ikapigwa kwa miaka mitatu.

Kozi yenyewe sijutii, niseme ukweli. Usawa wa kijamii na masomo ya miji ni mchanganyiko, unakula sosholojia kidogo, jiografia, uchumi, historia, sera za nyumba, halafu semesta moja unatumwa mtaani ukafanye kazi na wapangaji. Siku tulionyeshwa zile ramani za miji ya Marekani za miaka ya 1930, mitaa ya watu weusi imepakwa nyekundu ati ni hatari kukopesha, wenzangu darasani walishtuka, mimi nilikuwa nafikiria Kisumu tu, wazungu Milimani, Wahindi karibu na bazaar, na sisi nje kule ambako leo ndiyo Manyatta na Nyalenda na Obunga. Na hapa Chicago ukipanda treni ya Red Line kutoka Howard mpaka 95th utaona abiria wanabadilika rangi njiani na hakuna mtu anashangaa. Hawa watu wanajua kuongea juu ya usawa, hiyo siwanyimi, maneno wanayo mpaka ya kukopesha, lakini jirani yangu wa mlango kwa mlango tulimaliza miaka miwili akinisalimia kwa kichwa. Haya, turudi kwa namba.

Mwaka wa tatu nikasikia data science iko kwa orodha ya STEM, nikachukua masomo ya data kama maina (si Maina wa Nakuru, hii ni somo dogo la pembeni). Nikakesha nikiandika programu, nikajiambia nimeponyoka. Mwaka wa nne, mwezi wa pili, niko ofisi ya wanafunzi wa kigeni, yule mama advaiza akageuza I-20 yangu iniangalie mimi, akaweka ncha ya biro chini ya 45.1201, kisha akashuka mstari mmoja. Meja (somo kuu) ya pili: hakuna. 00.0000. Akaniambia polepole kama daktari na majibu ya maabara, maina haihesabiki. Ingekuwa meja ya pili kamili ingehesabika.

Narudia, maina haihesabiki. Kama unataka ile miezi 24, masomo ya STEM yawe meja kamili, na hiyo unaipanga mwaka wa kwanza au wa pili, si mwaka wa tatu kama mimi, hautamaliza krediti. Na kabla ulipe hata dipoziti andikia shule imeli, waulize namba ya kozi wakujibu kwa maandishi. Namba inawekwa na shule, kwa hivyo shule mbili zinaweza kuwa na kozi jina karibu moja na namba tofauti. Usimuulize ajenti. Usimuulize binamu yako wa Texas anasoma uuguzi.

Zile zingine mnazijua, fomu ya viza DS-160, ada ya SEVIS (rekodi ya wanafunzi wa kigeni) dola 350, mahojiano ubalozini Gigiri. Ile semesta ya mtaani, kama kuna malipo hata ya nauli, usiguse kazi kabla CPT (ruhusa ya kazi ya kozi ukiwa bado unasoma) haijaandikwa kwa I-20, na ukifanya CPT ya masaa kamili kwa miezi 12 OPT yako imeenda. OPT unaomba kuanzia siku 90 kabla ya kumaliza mpaka siku 60 baada, na shule ikishakupendekeza una siku 30 za kutuma ombi. Ukiwa ndani yake, siku bila kazi zisipite 90 kwa jumla. Mimi niliokolewa na kujitolea kwa kikundi cha wapangaji masaa 20 kwa wiki, hiyo inahesabiwa kazi bora iwe inaingiliana na digrii.

Na nyinyi wa nyumbani, nawapenda lakini "digrii ni digrii" muache. Anko wangu bado ananiuliza nitarudi lini nipange mji wa Kisumu. Anko, masomo ya miji si upangaji wa miji. Kusajiliwa kama planner Kenya kuna bodi yake chini ya sheria ya 1996, na cheti kuwa na neno "miji" hakitoshi, waulize kwanza kama wataikubali kozi. Niliuliza nikiwa nimeshamaliza, jibu mnaweza kukisia.

Loni ya kaka bado inakatwa kwa mshahara wake, namtumia nusu kila mwezi. Kwa hivyo wewe uko mwaka wa kwanza sahi, nenda kwa advaiza wiki hii, uongeze meja, na usitoke kwa hiyo ofisi na maneno ya mdomo. Akuprintie I-20 mpya. Uangalie huo mstari wa pili uone kama zile sifuri zimetoka.