Mrija wa gesi Marekani, gobore Tabora: mwongozo kwa aliye ughaibuni

Kwa mtu wa Sikonge, Urambo au Kaliua anayeishi Marekani, bunduki ni jambo lenye sheria mbili zisizofanana hata kidogo, na wengi wanaijua moja tu. Huko aliko anaweza kununua vipande kimoja kimoja na kuunganisha raifo yake mwenyewe gereji, jirani akipita anampungia mkono. Huku nyumbani kipande kimojawapo cha hivyo kikikutwa kwenye begi lake bila kibali, safari inaishia kituo cha polisi.

Tuanze na huko. Vijana wengi wanaoingia kwenye uundaji huo huanza na AR-15, aina ya raifo inayojikoki yenyewe, kwa sababu vipuri vyake vinauzwa kila mahali. Kinachowatoa jasho ni mrija wa gesi, bomba jembamba la chuma kisichoshika kutu linalolala juu ya mtutu. Risasi inapopita, sehemu ya gesi ya baruti hutoka kwenye kitundu cha mtutu, huingia kwenye mrija na kurudi nyuma kusukuma mtambo unaotoa ganda na kuingiza risasi nyingine. Kitundu cha mtutu kisipokutana sawasawa na cha kipande kinachoshika mrija, au mrija ukiwekwa juu chini, gesi haifiki. Bunduki hufyatua mara moja, kisha inabidi uikoki kwa mkono kila risasi. Anayebahatisha kwa nyundo hupinda pini au mrija wenyewe. Kwa hiyo mpelekee fundi wa bunduki mwenye leseni. Fedha utakayomlipa ni ndogo kuliko ya kununua macho mapya, ambayo hayauzwi.

Kabla ya fundi, lakini, jiulize una viza gani. Hapa ndipo watu wetu wanapoumia, kwa hiyo nakaa hapa kidogo. Sheria ya shirikisho ya Marekani humruhusu mtu kujitengenezea bunduki kwa matumizi yake mwenyewe bila leseni ya kiwanda, ilimradi si mtu aliyekatazwa kumiliki silaha na hatengenezi ili auze. Sasa, aliyeingia kwa viza ya muda, iwe ya masomo, ya kazi au ya matembezi, kwa kawaida yumo katika hao waliokatazwa. Hakatazwi kununua tu, hata kushika bunduki au risasi. Ipo misamaha michache, na unaojulikana zaidi ni wa mwenye leseni halali ya uwindaji kutoka jimbo fulani. Mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, hayumo katika katazo hilo. Tangu 2022 adhabu ya kosa hili inafika miaka 15 jela, na hata ukitoka, kosa la silaha ni sababu tosha ya kurudishwa kwenu. Picha ya mwanafunzi amekumbatia raifo ya rafiki yake, akiiposti ili washikaji wa Tabora waione, ni ushahidi aliojiandalia mwenyewe.

Majimbo nayo yana yao. California na New York zinabana sana silaha zisizo na namba ya usajili. Ukihamia Kanada, AR-15 imepigwa marufuku tangu Mei 2020. Uingereza raifo kubwa za kujikoki zenyewe ziliondolewa mikononi mwa raia tangu 1988, kwa hiyo aliyeko London hana la kuunganisha.

Halafu kuna ombi kutoka nyumbani. Mjomba anatuma sauti WhatsApp: mwanangu, huko vipuri ni rahisi, nitilie kimoja kwenye begi. Mkatalie kwa heshima, lakini mkatalie. Sheria za Marekani za kupeleka bidhaa nje hazihusu bunduki nzima peke yake, zinagusa na vipuri vyake. Kwetu pia kuingiza silaha au vipande vyake kunataka kibali kabla hujapanda ndege. Ukishatua hakuna maelezo yatakayokuokoa. Na usimfundishe kwa video namna ya kutengeneza, hata kama unaujua mrija wa gesi kama kiganja chako. Silaha iliyopo nyumbani kwake yawezekana kabisa haina mrija wowote.

Ninalolisema ni gobore. Magharibi mwa Tanzania bunduki za kushindilia mdomoni zina historia ndefu. Ziliingia na misafara ya pembe za ndovu, na enzi za mtemi Mirambo, aliyefariki 1884, zilikuwa sehemu ya nguvu ya dola. Zilizobaki leo ni mchanganyiko: za zamani zilizorithiwa, na za kienyeji zilizotengenezwa kwa bomba la maji au chuma cha gari. Hizi za pili ni hatari kwa mwenye kuzishika kuliko kwa mnyama, maana chuma hicho hakikukusudiwa kuhimili baruti.

Baba au babu akifariki na gobore likaonekana darini, au juu ya kabati la nguo, wewe uliye mbali ndiye utakayepigiwa simu kwanza, kwa kuwa unahesabiwa kuwa na akili na hela. Waambie waliopo wasiliguse. Huwezi kujua kwa macho kama limeshindiliwa, na baruti iliyokaa mle miaka inaweza bado kuwaka. Wasilifyatue kulijaribu, wasiliweke jirani na jiko, wasichokonoe mdomo wa mtutu kwa waya. Watoto watoke, chumba kifungwe, taarifa iende kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, na polisi waitwe waje kulichukua. Kulibeba kwenye bodaboda hadi kituoni kunaweza kuwakutanisha na kizuizi cha barabarani, na hapo maelezo yatakuwa marefu.

Mkazo wangu una sababu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka kila silaha iwe na leseni, na leseni ni ya mtu, hairithiwi pamoja na shamba. Kukutwa na bunduki bila leseni hushtakiwa pia kama uhujumu uchumi, ambako kifungo ni kati ya miaka 20 na 30. Mdogo wako aliyelihifadhi tu kwa kumbukumbu ya mzee anaweza kuingia humo.

Kama marehemu alikuwa na leseni, mambo ni mepesi zaidi. Silaha ni mali, kwa hiyo iandikwe kwenye mirathi. Msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kurudisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. 5 ndani ya miezi minne, isipokuwa mahakama imwongezee muda. Silaha yenyewe ikae polisi wakati huo. Mrithi akiitaka, aombe leseni yake upya, akiwa ametimiza umri wa miaka 25. Asiyeitaka aulize polisi utaratibu wa kuiuza kwa mwenye sifa au kuisalimisha.

Kwa silaha isiyo na karatasi, fuatilia mwezi Septemba. Umoja wa Afrika uliutenga kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha, na serikali yetu imewahi kutangaza muda kama huo, mwaka 2022 ikiwemo. Asiyesubiri Septemba, amwone wakili kwanza, kisha polisi wakiwa na mwenyekiti wa mtaa kama shahidi. Wakishaichukua, ombeni hati ya makabidhiano yenye maelezo ya silaha, namba yake kama inayo, tarehe na muhuri. Nakala moja iingie kwenye jalada la mirathi, nyingine wakupigie picha wakutumie.