Kumpeleka mbwa Ulaya kutoka Tanzania au Kenya: anza na kalenda, tiketi baadaye

Watu wengi wanaohamia Ujerumani, Uholanzi au Ubelgiji hufika kliniki tiketi ikiwa imeshakatwa na safari imebaki wiki tatu. Inaniuma kila mara, maana hapo hakuna daktari anayeweza kuwasaidia. Mbwa itabidi abaki kwa ndugu mpaka muda utimie. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya unaziamini katika udhibiti wa kichaa cha mbwa, kwa hiyo mbwa anayetoka huku hupimwa damu kisha akasubiri. Hata ukienda mbio, ni miezi minne tangu chanjo. Jipe sita.

Mwongozo huu ni wa mbwa wa nyumbani anayesafiri na mwenyewe, siyo wa kuuzwa.

Hatua ya 1: Chipu, ndipo chanjo

Chipu ni kidude kidogo kama punje ya mchele, huchomwa kwa sindano chini ya ngozi kati ya mabega. Daktari akuwekee ya kiwango cha ISO yenye tarakimu 15. Kabla ya kuiweka aisome kwa mashine, na baada ya kuiweka aisome tena. Chipu huweza kuhama kidogo kidogo chini ya ngozi, kwa hiyo anayeitafuta asiishie mgongoni. Apitishe mashine mabegani pande zote mbili mpaka kwenye viwiko.

Chanjo ya kichaa ifuate siku hiyohiyo au baadaye. Ikitangulia chipu haihesabiwi, hata kama ilichomwa jana yake na kadi ina mhuri. Hapa ndipo wengi wanapokwama: mbwa alichanjwa bure kwenye kampeni ya Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba, na kadi anayo. Chanjo ile inamlinda kweli, wala usiache kumpeleka mwaka ujao. Ila kwa safari hii achanjwe upya, akiwa na umri wa wiki 12 au zaidi, na kwenye kadi ziandikwe namba ya chipu, jina la chanjo, namba ya toleo, tarehe na mwisho wa muda wake.

Hatua ya 2: Damu

Damu itolewe baada ya siku 30 kupita tangu chanjo. Siku ya 28 haikubaliki. Inatolewa shingoni au mguu wa mbele, inaachwa igande, kisha inazungushwa kwenye mashine mpaka yatengane maji ya manjano juu. Maji hayo ndiyo yanayosafirishwa, yakiwa kwenye ubaridi, kwenda maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya. Mojawapo iko Nancy, Ufaransa. Maabara isiyoidhinishwa, hata iwe nzuri namna gani, majibu yake hayafai kwa safari hii.

Kaa karibu na daktari anapojaza fomu ya maabara, umsomee namba ya chipu tarakimu kwa tarakimu. Tarakimu moja ikikosewa, majibu yatakuwa ya mbwa mwingine.

Kinachotafutwa ni kiwango cha kingamwili kisichopungua 0.5 kwa mililita, kwa yuniti za kimataifa. Mbwa aliyechanjwa mara moja tu maishani huweza kushindwa kufika hapo, na ndiyo maana kwa mbwa wenye umri mdogo napenda kurudia chanjo kabla ya kutoa damu. Gharama inaongezeka kidogo, lakini ni nafuu kuliko kuanza upya.

Hatua ya 3: Kusubiri miezi mitatu

Miezi mitatu inahesabiwa tangu siku damu ilipotolewa, siyo siku majibu yalipofika. Chukua mfano: chipu na chanjo tarehe 5 Januari, damu tarehe 9 Februari, majibu yakatoka mazuri. Miezi mitatu inatimia tarehe 9 Mei. Mimi ningekata tiketi ya tarehe 11 au 12.

Muda huu una sababu. Virusi vya kichaa hutembea polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongo, na mbwa aliyeng'atwa kabla ya chanjo anaweza kuonekana mzima kwa wiki nyingi. Anayejua ugonjwa huu unavyoua hawezi kuuona muda huo kuwa usumbufu.

Chanjo ya kurudia isipitilize tarehe. Ukiwahi kila mara, majibu ya damu hubaki halali. Ukichelewa hata siku moja, unarudi kwenye damu.

Hatua ya 4: Kreti

Kreti ni sanduku la kumsafirishia mbwa kwenye ndege. Anza mapema, wakati unasubiri. Pima kutoka pua hadi shina la mkia, ongeza nusu ya urefu wa mguu wa mbele toka chini hadi kiwiko: huo ndio urefu wa kreti. Upana ni mabega mara mbili. Kimo ni ncha ya kichwa au masikio akiwa amesimama, pamoja na unene wa tandiko. Mbwa wa sentimita 70, kiwiko 30 na mabega 22 anahitaji kreti ya 85 kwa 44. Mbwa wa pua fupi aongezewe asilimia 10, na uliza kwanza kama shirika la ndege linawakubali.

Mlishe ndani ya kreti, alale humo mlango ukiwa wazi, aizoee. Usimpe dawa ya usingizi: hushusha shinikizo la damu, na angani hakuna wa kumwangalia.

Hatua ya 5: Cheti cha afya

Hiki husainiwa na daktari wa mifugo wa serikali, na ni halali siku 10 mpaka ukaguzi wa kuingia. Kiwe kwa lugha ya nchi unayoingilia, pamoja na Kiingereza. Ukitoka Kilimanjaro ukapitia Amsterdam kwenda Berlin, unaingilia Uholanzi. Sahihi na mhuri viwe na rangi tofauti na maandishi yaliyochapwa, kwa hiyo beba kalamu ya bluu. Ambatisha majibu ya maabara, kadi ya chanjo na tamko lako kwamba mbwa hauzwi. Wewe na mbwa msipishane zaidi ya siku tano.

Finland, Ireland na Malta wanadai pia dawa ya minyoo ya tegu, itolewe na daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia. Uingereza nayo inaidai, na mbwa anayefika huko kwa ndege lazima aje kama kago.

Hatua ya 6: Kufika

Usipite njia ya wasio na cha kutangaza. Nenda forodhani, onyesha karatasi, watasoma chipu. Zikiwa na kasoro, mbwa hurudishwa au huwekwa karantini kwa gharama yako, na njia zote zikishindikana anaweza kuuawa. Ujerumani hairuhusu kuingiza Pitbull Terrier, American Staffordshire Terrier, Staffordshire Bull Terrier, Bull Terrier wala machotara wao, kwa hiyo jambo hilo liulize kabla hata ya chipu. Ukishapata makazi huko, mwandikishe kwa halmashauri ya mji. Kodi ya mbwa hulipwa kila mwaka, na kiwango hutofautiana mji kwa mji.