Somo: Kumzoesha farasi mwoga mpaka akuamini

Farasi wengi wa hapa Dar wanatufikia wakiwa wameshapita mikononi mwa watu kadhaa. Mwingine alipigwa, mwingine alihamishwa banda ghafla, mwingine hajawahi kukutana na bodaboda maishani mwake. Somo hili nawaandikia watunza farasi na wanaofuga kwa mara ya kwanza, kuanzia Mbweni mpaka Kigamboni.

Hatua ya 1: Hakikisha haumwi. Anayerusha mateke akiwekewa tandiko huenda mgongo unamuuma. Anayetupa kichwa ukimvisha lijamu, kile chuma cha mdomoni, huenda magego yana ncha kali zinazomchana shavu. Moyo wa farasi mzima aliyetulia hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Ukihesabu 60 naye amesimama tu kivulini, mwite daktari wa mifugo kabla ya lolote. Kumfundisha mnyama mwenye maumivu ni kumwonea.

Hatua ya 2: Kaa naye bila kumtaka kitu. Alfajiri ndiyo saa nzuri, jua halijachoma na barabara bado imetulia. Ingia zizini, simama mbali, mpe ubavu, usimkodolee macho.

Hatua ya 3: Jifunze kurudi nyuma. Hapa ndipo penye somo lenyewe, naomba msome taratibu. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia. Mwendee kwa mshazari, ukielekea bega, huku unaongea. Tazama uso wake. Kabla hajakimbia, sikio linakugeukia, ngozi ya juu ya jicho inakunjamana, mdomo wa chini unakaza. Ukiona hivyo, simama papo hapo. Subiri. Mdomo ukilegea, shingo ikashuka, akashusha pumzi ndefu puani, basi geuka uondoke. Ndiyo, uondoke! Kuondoka kwako ndiyo zawadi yake. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunamsogelea mpaka anakimbia, ndipo tunaacha. Hapo tumemfundisha kwamba kukimbia ndiyo dawa, na kesho atakimbia mapema zaidi.

Hatua ya 4: Mguse. Usianze na pua. Anza begani, kisha mkune pale singa zinapoishia, shingo inapokutana na mgongo. Farasi wenyewe kwa wenyewe hukunana hapo kwa meno, na mkuno wa hapo hupunguza mapigo ya moyo. Mkune, usimpigepige kofi.

Hatua ya 5: Kamba. Usiizungushe mkononi hata siku moja, akikurupuka itakukata vidole. Vuta kidogo, akipiga hatua moja tu, legeza.

Hatua ya 6: Kelele za mjini. Turubai linalopepea, mabati, honi za bajaji, yote ni yaleyale: anza mbali, sogea kidogokidogo. Kwa bodaboda kuna njia ninayoipenda sana. Mwombe dereva aende mbele polepole, ninyi mfuate kwa nyuma mkiacha nafasi ya kutosha. Kitu kinachomkimbia farasi hakimtishi kama kinachomjia.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, naruhusiwa kumpa karoti ili anizoee haraka?
Mpe, ila mwanzoni iweke kwenye ndoo. Mwoga anayelishwa mkononi hunyoosha shingo kuchukua karoti huku miguu iko tayari kukimbia, nawe unadhani mmeshakuwa marafiki. Tena wengine huishia kung'ata vidole.

Wa kwangu yuko peke yake Kigamboni, anazunguka banda usiku kucha. Nifanyeje?
Pole, ndugu yangu. Farasi ni mnyama wa kundi, akiwa peke yake halali vizuri kwa sababu hana wa kumlindia zamu. Mtafutie mwenzake. Ukikosa farasi, hata punda au mbuzi ataleta nafuu. Na majani yasikosekane mbele yake, maana tumbo lake limeumbwa kula kidogokidogo kutwa nzima.

Mzee wetu pale bandani anasema nimfunge mguu mmoja mpaka achoke na kutulia. Mnasemaje?
Mpe mzee shikamoo yake, mshukuru, lakini usifanye hivyo. Atatulia kweli, kwa sababu amekata tamaa. Weka mkono nyuma ya kiwiko chake cha kushoto uusikilize moyo, utaukuta unakwenda mbio. Siku kamba ikifunguka, hofu yote bado imo.

Itachukua muda gani?
Inategemea aliyopitia. Dakika kumi na tano kila siku ni bora kuliko saa tatu za Jumapili.

Dada, lini naweza kumpeleka ufukweni?
Akishakufuata kwa kamba iliyolegea ndani ya zizi, na bodaboda ikipita anageuza sikio tu. Chagua asubuhi ya maji kupwa, mchanga ni mgumu na mawimbi yako mbali. Nenda na farasi mwingine mtulivu, huyo atangulie. Mara ya kwanza usimpande, mtembeze tu, na usimwingize majini. Vaa viatu vigumu vilivyofunika mguu, siyo kandambili.